Kona ya Patasi na Kona ya Randa

Karakana ya kaka yangu imekaa upande upande kama mtu aliyelalia shingo vibaya. Ukuta wa mbele, unaotazama barabara, ni mpana. Ukuta wa nyuma, unaopakana na chumba alichokuwa akilala, ni nusu ya ule wa mbele. Hizo kuta mbili zinatazamana sawasawa, hazina ugomvi. Wa kushoto nao umenyooka kama askari kwenye gwaride. Wa kulia ndio mkorofi: unaanzia mbali kule barabarani, halafu unaingia ndani kwa mshazari mpaka unakutana na ule wa nyuma, kwa sababu nje yake kuna mtaro wa maji ya mvua, na aliyejenga aliona aupishe mtaro, maana mtaro usingempisha yeye.

Humo ndimo kaka alimowalelea wanawe wawili kwa kelele za msumeno. Majina yao ya shuleni hakuna aliyeyatumia. Mkubwa alimwita Patasi, kwa kuwa tangu utotoni ukimpa kitu atakichokoa mpaka akione ndani. Mdogo alimwita Randa, kwa kuwa hakuweza kuona mbao yenye makovu akaiacha ilivyo. Mimi nilitaka niitwe Msumari. Wakakataa, wakasema shangazi ni Gundi, akishika mahali habanduki. Nilinuna siku nzima, kisha nikaona jina limenikaa.

Walipokua na kuanza kugombea mahali pa kufanyia kazi, kaka aliwaita wote wawili. Akachukua kamba yake ya kuhakiki fremu. Maseremala wana tabia hiyo: fremu ya mlango ikishaunganishwa, wanavuta kamba kutoka kona moja mpaka kona ya mkabala, kisha wanavuta kwenye zile kona nyingine mbili, wanalinganisha. Basi naye akavuta kamba sakafuni vivyo hivyo, kona kwa kona, akapitisha rangi nyekundu juu yake. Sakafu ikagawanyika pembetatu nne, ncha zao zote zikikutana pale mistari ilipokatana. Ya mbele, kubwa kuliko zote, akasema ni ya wateja na kazi zilizokwisha. Ya nyuma, ile ndogo, ya mabaki ya mbao. Ya kulia, kwenye ukuta wa mshazari, ya Patasi. Ya kushoto, kwenye ukuta ulionyooka, ya Randa.

"Nimegawa sawa," akasema, akaenda kunawa rangi mikononi.

Randa akachukua futi ya utepe, akapima. Hapo ndipo palipoharibika, maana alipima kama seremala. Kwa seremala chumba ni ukuta. Ukutani ndiko anakoegemeza mbao, ndiko anakotundika misumeno, ndiko anakosogeza benchi lake. Akapima ukuta wake, akapima wa kaka yake, akakuta wa kaka yake umeuzidi wake, kwa kuwa ukuta wa mshazari huchukua safari ndefu kufika kule kule.

"Baba, umenipunja."

"Nimegawa sawa."

"Futi hii hapa, njoo usome mwenyewe."

"Nimesema nimegawa sawa. Unataka nikuapie kwa mbao?"

Kaka yangu alikuwa na shingo ngumu, na aliyeirithi shingo hiyo alikuwa Randa peke yake. Walitazamana mpaka nikaona haya mimi niliyekuja kuazima nyundo tu. Randa akafungasha vifaa vyake kwenye gunia, akaenda kutafuta kibarua kwenye yadi ya milango upande wa pili wa mji.

Mama yake alipokuwa hai, alikuwa anakuja kumwona kwa mlango wa uani. Anakula, anamsikiliza mama yake akilalamika kuhusu magoti, anaondoka bila kupita karakanani. Mama alipofariki alikuja kuzika, akasimama nyuma ya watu. Baada ya hapo hata uani hakukanyaga. Kona yake ilibaki tupu. Hakuna aliyethubutu kuweka hapo hata ndoo. Patasi akifagia maranda ya kwake, anafagia na ile, kisha anarudi kwenye benchi lake bila kusema kitu.

Msidhani Randa aliumia kwa ajili ya nafasi. Huko yadini alipewa banda zima. Aliniambia mwenyewe siku moja tulipokutana sokoni, ameshika fungu la vitunguu kama ameshika jiwe la kumpiga mtu: "Shangazi, baba akiwagawia wanawe wawili, mmoja akapata pungufu, hapo amesema jambo. Hata kama mdomo umefungwa, amesema."

"Na wewe umesikia nini?"

"Nimesikia kwamba mimi ni wa pili."

Nikamwomba vitunguu viwili, akanipa.

Sasa kaka alikuwa anakwenda. Kilikuwa kifua. Hospitali walimrudisha nyumbani kwa maneno ya upole, na madaktari wakishaanza kukuongelesha kwa upole, wewe anza kuaga. Nikahamia pale kumwuguza. Alilala kwenye kile chumba cha nyuma ya karakana, kwenye kitanda alichokitengeneza yeye mwenyewe, uso ameuelekeza dirishani. Kila miguu ikipita nje anafumbua macho. Ikishapita anafumba.

"Nimwite?" nikamwuliza.

"Nani?"

"Usinitanie, kaka."

"Miguu anayo."

"Na wewe mdomo unao."

Akageukia ukutani. Nilijua anachokingoja, na nilikisikia kile kifua kinavyokwaruza. Hakikuwa kifua cha kumngoja mtu.

Patasi ana binti, mwalimu wa hesabu shule ya sekondari, ambaye kila alasiri alikuwa anapita kumsalimia babu yake. Siku moja akatoka chumbani, akakaa kwenye kigoda karakanani, macho yake mekundu. Patasi alikuwa ametoka kupeleka kabati kwa mteja. Binti akawa anaiangalia ile mistari ya sakafuni kwa muda, nadhani ili asilie.

"Bibi, unajua umbo hili ndilo ninalowafundisha wanafunzi wangu muhula huu? Linaitwa trapeza."

"Liitwe litakavyoitwa. Limetuvunjia nyumba."

"Limevunjaje?"

Alikuwa mdogo mno wakati ule. Alichojua ni kwamba baba mdogo na babu hawasemeshani. Nikamweleza yote, futi na kamba na rangi. Alinisikiliza, na nikaona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukigongwa.

"Lakini bibi, hizo kona mbili za pembeni ziko sawa. Haziwezi kuwa vinginevyo."

"Ya baba yako ndefu."

"Ndefu, lakini nyembamba. Ya baba mdogo fupi, lakini imejaa. Eneo ni lile lile."

"Sema tena."

Akasema tena. Nikamwambia aseme mara nyingine, polepole, kama anayezungumza na mtu mwenye kichwa cha babu yake. Kisha nikamwambia, "Maneno hayo kwa Randa hayataingia. Nikatie kitu cha kushika mkononi."

Binti wa seremala hafundishwi msumeno ukubwani. Akaokota kipande cha plaiwudi kwenye mabaki, akaipima karakana, akaichora ndogo juu ya kile kipande, kuta zote na mistari yote miwili, akakata. Zile pembetatu mbili za pembeni nikazitia kikapuni, nikafunika kwa kitambaa kama nabeba mikate.

Nilimkuta Randa anapiga randa mlango, nywele zimejaa maranda na mvi, huwezi kutenganisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona unanenepa wakati sisi nyumbani tunakonda?"

Hakucheka. Aliiweka randa chini. "Mzee yukoje?"

"Anakwenda."

Akapapasa ubao kwa kiganja, huku na huku. "Ameniita?"

Mimi ni mwongo wa siku nyingi, na ninyi mnaonijua mnajua. Neno moja tu, ndiyo, na ningekuwa nimemaliza kazi. Lakini kumtilia maneno mdomoni mtu aliye kwenye kitanda kile nilishindwa.

"Hajakuita," nikasema. "Lakini nimekuletea hivi."

Akafunua kikapu, akavitoa. Alivijua mara moja, maana mtu hasahau umbo la kilichomwuma. Akaviweka kimoja juu ya kingine. Kimoja kikachomoza huku, kingine kikachomoza kule.

"Haviingiani hata kidogo. Umekuja kunicheka?"

"Vipime uzito."

Jirani na yadi kuna duka la misumari, wanapimia kwa mizani ya sahani mbili. Nikamburuta mpaka pale. Mwenye duka akatutazama. "Mama, mbao hatuuzi kwa kilo."

"Leo utaanza," nikamwambia, nikaweka kipande kimoja huku na kingine kule. Sahani zikayumba, zikayumba tena, zikatulia usawa mmoja.

Randa aliinama akaziangalia kwa jicho moja, kama anavyoangalia mbao kama imepinda. Akainuka.

"Nani kakata?"

"Binti wa kaka yako."

"Ahaa. Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Basi umekikwangua hiki."

"Mimi?"

"Shangazi, si wewe uliyeniambia jino la utoto likipandwa kwenye kopo linaota pipi?"

"Na ulimwagilia vizuri sana."

"Nililimwagilia mpaka likizo ikaisha!" Sauti ilipanda, mwenye duka akajifanya anahesabu misumari. "Umekikwangua. Nakujua wewe."

"Sawa, nimekikwangua. Sakafu je? Ile nayo nimeikwangua? Kapime."

Alinitazama kwa hasira. Nikafunika kikapu changu kitupu, nikaanza kuondoka, na sikugeuka nyuma. Nilikuwa nimetegemea kitu kimoja tu, kwamba hataniamini. Nilipofika kwenye kona ya barabara nikasikia hatua zake nyuma yangu, nzito, na futi ikigongana na funguo mfukoni.

Aliingia karakanani kwa mlango wa mbele. Patasi alikuwa amerudi, yuko kwenye benchi lake. Aliinua kichwa, na nyundo aliyoishika ikabaki hewani, haijui ishuke wapi.

"Kaka," akasema Randa.

"Randa."

Wakaishia hapo. Randa akapiga magoti, akaanza kupima. Akapima ukuta wa mbele, wa nyuma, akapima upana kati ya hizo mbili hapa, na pale, na kule mwisho, kama anayetafuta mahali zilipodanganya. Kila pahali namba ikawa ile ile. Akakaa chini katikati ya vumbi la mbao. Ndipo binti wa Patasi alipotoka chumbani kwa babu yake, akaona, akaelewa, akavua viatu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu? Haya, nifundishe. Ukuta wa baba yako ni mrefu kuliko wangu. Eneo linakuwaje sawa?"

"Sahau kuta za pembeni kwanza. Chukua ukuta wote wa mbele uwe kitako." Akamkabidhi mwisho wa kamba, akaenda na mwisho wa pili. "Tukitoka kwenye kona zake mbili tukaenda kukutana kona ya nyuma kushoto, tunapata pembetatu kubwa. Ndani yake kuna nini?"

Randa akaangalia. "Eneo la wateja. Na kona yangu."

"Kitako hicho hicho, sasa ncha tuipeleke kona ya nyuma kulia."

"Eneo la wateja. Na kona ya kaka."

"Kati ya hizo pembetatu mbili kubwa, ipi imeizidi nyingine?"

Alitaka kujibu haraka, akajizuia. Nikamwona anapima kwa macho. "Kitako ni kimoja," akasema polepole. "Na kimo… ukuta wa nyuma uko umbali ule ule na wa mbele, nimepima sasa hivi. Kimo ni kimoja. Basi hakuna iliyozidi."

"Toa wateja kwenye zote mbili."

Kamba ililegea mkononi mwake. Barabarani mtu alikuwa anamwita mtu mwingine, wakaitikiana, wakapita.

"Zinabaki kona zetu," akasema Randa.

"Aliyependelewa hapa ni mteja," nikasema mimi. "Kachukua nafasi ya ninyi wawili pamoja, na kazi yake kusimama mlangoni tu."

Hakuna aliyecheka. Patasi alikuwa ameweka nyundo chini.

"Miaka yote," akasema, "mimi nilijua yangu ndiyo kubwa."

Randa akageuka. "Ulijua?"

"Nilijua hivyo. Ukuta si nauona? Nilikuwa naona nimepewa zaidi, na wewe umeondoka kwa ajili yangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Nikufuate yadini nikwambie kweli baba kanipa kukuzidi?" Alifuta uso kwa mkono wenye vumbi, akaufanya mchafu zaidi. "Nilikuwa nafagia kona yako tu."

Kutoka chumbani kikohozi kikaanza, kile kirefu. Randa akasimama. Nilidhani atatazama mlango wa barabarani, lakini aliingia chumbani, nasi tukamfuata, Patasi akatangulia kukaa kwenye kiti cha kando ya kitanda kama kawaida yake ili amwinue mzee kikohozi kipite.

Kikapita. Kaka alifumbua macho.

"Nilisikia futi," akasema. Sauti ilikuwa imebaki nyembamba. "Patasi huiachia ijirudishe kwa kishindo. Hii ilirudishwa kwa mkono. Nikajua ni wewe."

"Ni mimi, baba."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Imekuwaje?" Aliuliza kama mgonjwa anayeuliza majibu ya maabara.

"Ziko sawa."

Kaka alifumba macho, na machozi yakatoka kwenye zile kope zilizofungwa. Sikuwa nimeyaona tangu tulipomzika mama yetu.

"Kumbe," akasema.

Randa akasogea. "Kumbe nini, baba? Wewe si ulisema umegawa sawa?"

"Nilisema nilivyotaka iwe. Nilivuta kamba kama navuta kwenye fremu, nikaona mistari imekatana vizuri, nikapaka rangi. Sikupima."

"Nilikwambia nimepunjwa. Ungechukua futi tukaangalia wote."

"Niliishika. Mara nyingi. Kila nikiinama naikunja tena." Alipumzika kidogo kutafuta pumzi. "Nikikuta ni kweli, nitakuja kukuita kwa uso gani? Nikaona afadhali nisijue."

Nilimwangalia Randa nikaogopa. Alikuja na jibu la kona, na sasa ameambiwa kwamba baba yake mwenyewe hakuwa nalo. Angeweza kuchukua futi yake akaenda zake, na asingekuwa na kosa.

"Kwa hiyo hukukusudia kunipunguzia," akasema.

"Kukupunguzia wewe?" Kaka alijaribu kuinuka, akashindwa. "Mwanangu, sikukusudia. Kama niliweza kukupa sawa, hilo ndilo sikulijua."

"Ungeniambia hivi siku ile, ningebaki. Ningekaa hata kwenye kona ya mabaki."

"Ndiyo nimesema sasa."

Randa alisimama pale, mikono inaning'inia. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Nipishe hapo."

"Nimekaa hapa tangu aanze kuugua," Patasi akasema.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia nipishe."

Patasi alinyanyuka, akaenda kusimama upande wa miguu, mkono juu ya blanketi. Randa akakaa. Akauchukua mkono wa baba yake, na vile vidole vya kaka vikaanza kutembea kwenye kiganja cha mwanawe, vikipapasa sugu moja moja, kama anavyokagua mbao kabla ya kuinunua.

"Randa yako ina kisu butu," kaka akasema. "Sugu hizi ni za kusukuma."

"Ni ya yadi. Nzuri nilichoka kuibiwa."

"Uvivu wa kunoa."

"Ni wizi, baba."

"Uvivu."

Wakaendelea hivyo, maneno yakipungua, kila mmoja aking'ang'ania lake. Randa akamweleza kuhusu milango ya yadini, mbao mbichi wanazoletewa, zinavyopinda zikishapakwa rangi. Patasi akatia neno kuhusu gundi. Binti alikaa kizingitini, viatu vyake mkononi. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani, limelala juu ya blanketi, na Randa alikuwa katikati ya habari za bawaba fulani zilizoharibika wakati vile vidole vilipoacha kutembea.

Yeye hakujua. Alidhani baba amesinzia, akashusha sauti, akaendelea kumsimulia. Patasi naye alikuwa anamsikiliza mdogo wake, ameinamisha kichwa.

Mimi ndiye niliyeona. Niliwaacha wamalize ile habari ya bawaba kabla sijasema.